Mbolea ya kuku waliotibiwa

Vuli iliyopita nilitia mbolea ya kuku katika matuta mawili ya mchicha nyumbani kwetu Bumbwini, Unguja. Ilitoka katika banda la ami yangu, ambaye wiki ile ile alikuwa akiwapa kuku wake oksitetrasaiklini, antibayotiki ya jamii ya tetrasaiklini, katika maji ya kunywa. "Ichukue, mwanangu, isipotee bure," aliniambia, nami nikaichota pamoja na maranda yake ikiwa bado mbichi. Miche iliota, kisha ikadumaa; majani yalipauka, na nilipoing'oa niliikuta mizizi ni mifupi mno. Siibebeshi dawa lawama yote, kwa kuwa mbolea mbichi ya kuku ina amonia na chumvi zinazoweza kuunguza miche, lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikiifuatilia safari ya dawa baada ya kumtoka kuku.

Mwili wa mnyama hautumii antibayotiki yote anayopewa. Kwa kutegemea aina ya dawa, kiasi cha asilimia 30 hadi 90 hutoka katika mkojo na kinyesi ikiwa bado na nguvu. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walionesha kuwa mahindi, kabichi na vitunguu vya majani vilivyooteshwa katika udongo wenye mbolea yenye dawa vilifyonza klorotetrasaiklini, ya jamii hiyo hiyo ya tetrasaiklini, na kwamba kadiri dawa ilivyozidi katika mbolea ndivyo ilivyozidi katika mmea.

Jambo lililonishangaza zaidi ni sababu ya mmea kudhurika kwa dawa iliyotengenezwa kuua bakteria. Ukijani wa jani umo ndani ya kloroplasti, na kloroplasti asili yake ni bakteria walioingia na kukaa ndani ya seli zaidi ya miaka bilioni 1 iliyopita. Hadi leo ribosomu zake, yaani mahali zinapoundwa protini, zinafanana na za bakteria, na hapo hasa ndipo tetrasaiklini inapozuia kazi. Dawa hiyo pia hujifunga na kalsiamu na magnesi, na bila ya magnesi hakuna klorofili, yaani ukijani wenyewe. Dawa za salfa, jamii nyingine ya antibayotiki, zina njia nyingine: huzuia utengenezaji wa foleti, vitamini ya kundi la B, ambayo mmea, kama bakteria, hujitengenezea wenyewe.

Udongo wetu mwekundu wa kinongo hushika tetrasaiklini kwa nguvu kuliko kichanga, jambo linaloipunguzia mizizi mzigo, ingawa dawa iliyoshikwa na udongo haijatoweka.

Kuiozesha mbolea vizuri, kwa joto na kwa kuipindua mara kwa mara, hupunguza tetrasaiklini kwa kiasi kikubwa. Siprofloksasini, antibayotiki ya jamii nyingine, huchelewa zaidi kuvunjika. Kwa hiyo sasa, kabla ya kuchota, namuuliza ami kuku wamepewa dawa gani na waliimaliza lini. Rundo la msimu huu liko chini ya mti wa mkungu, mbali na kisima, na kwenye kibao nilichokichomeka juu yake nimeandika tarehe waliyoimaliza dawa.