Hawakuwa watoro: nilivyowatafuta wagonjwa wa moyo waliopotea kwenye utafiti wetu

Mtu aliyetufundisha kufuatilia wagonjwa alitupa kanuni moja: piga simu mara tatu, siku tatu tofauti. Usipompata, andika "mtoro", funga faili, nenda kwa mwingine. Niliifuata kanuni hiyo kwa miezi minne, na mpaka leo naijutia.

Mimi ni muuguzi. Kwa miaka miwili nilikuwa kwenye utafiti wa watu ambao moyo umeshindwa kusukuma damu inavyotakiwa, katika kliniki moja hapa Dar es Salaam. Wenyewe husema "moyo umetanuka", au "nimejaa maji". Hatukuwa tunajaribu dawa mpya. Mgonjwa akishaandikishwa, kazi yangu ilikuwa kumtafuta mwezi wa kwanza, wa 3, wa 6 na wa 12, nijue yu hai au amefariki, amelazwa tena au la, na dawa gani bado anameza.

Mwezi wa nne faili la "watoro" lilikuwa na karatasi 31. Wakubwa hawakuona neno. Aliyeshtuka alikuwa mtakwimu wetu, kijana mpole, aliyekuja na karatasi akanichorea ngazi inayoshuka. Kila mgonjwa akifariki, ngazi inashuka kidato. Aliyepotea haishushi, anahesabiwa mpaka siku ya mwisho tuliyopata habari zake, halafu anaondolewa kimya kimya. Njia hiyo waliitunga Edward Kaplan na Paul Meier mwaka 1958 na watafiti wa dunia nzima wanaitumia, lakini ina sharti lake: waliopotea wawe hawana tofauti na waliobaki. Akaniuliza, "Sista, hawa 31 wanafanana na wale wanaokuja kliniki?"

Nilikaa kimya, maana jibu nililijua. Anayekuja kliniki ni yule anayeweza kupanda daladala.

Akanipa na mfano ambao sijausahau. Utafiti wa mwaka 1987 ulioonyesha kwamba enalapril, dawa ya vidonge ya presha na moyo, inaokoa watu wenye moyo uliochoka sana ulifanyika nchi za Skandinavia, ukiwa na wagonjwa 253 tu. Baada ya miezi 6 walikuwa wamefariki asilimia 44 ya wale ambao hawakuipata, na asilimia 26 ya walioipata. Nilipiga hesabu kwa kalamu pale pale. Tofauti yote ile, iliyobadilisha matibabu ya moyo, ni watu 22 hivi. Mimi mkononi nilikuwa na karatasi 31.

Wiki iliyofuata nikanunua laini mpya na vocha, sikumbuki ya shilingi ngapi, ila mshahara uliisikia, nikaanza kuwapigia wote kuanzia asubuhi. Sijawahi kutukanwa namna ile. Namba ngeni inampigia mtu saa tatu asubuhi, inamtaja majina yake matatu, inamuuliza habari za afya yake: nani hatadhani ni wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Wengine walidhani nadai mkopo wa mtandaoni. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, tafuta kazi ya halali," akakata. Nusu ya namba zilikuwa hazipatikani kabisa. Kwa wiki nzima ya kupiga nikawapata watu watano.

Nikaona basi niwafuate majumbani. Hapa ndipo nilipokosea vibaya, na naliandika kosa hili wazi ili nesi mwingine asilirudie. Nilikwenda Mbagala kumtafuta kijana dereva wa bodaboda. Nilisimama dukani na kitambulisho changu cha kliniki kifuani, nikamuulizia kwa jina. Muuza duka akasoma kitambulisho, akasema kwa sauti, "Kumbe anaumwa moyo?" Watu wanne walikuwa pale, na jioni ile habari ikamfikia mwenye pikipiki, ambaye aliichukua pikipiki yake akisema hataki mtu amfie barabarani na abiria. Kijana nilimpata, ndiyo, amekaa kibarazani hana kazi. Nilimwomba radhi mbele ya mama yake. Niliandika taarifa kwa kamati ya maadili ya utafiti siku iliyofuata, na daktari wetu akakubali kukutana na mwenye pikipiki kwa ridhaa ya kijana mwenyewe. Pikipiki ilirudi baada ya wiki tatu. Wiki tatu ni nyingi kwa mtu anayekula kwa kutwa.

Tangu siku ile nilikataa kumtafuta mtu kwa njia ambayo hakuichagua mwenyewe. Tukabadilisha fomu ya ridhaa, marekebisho yakapita kwenye kamati (subirini wiki kadhaa, msianze kabla), na ukurasa wa mawasiliano nikauandika upya mimi, kwa Kiswahili cha mtaani.

Fomu ya zamani iliuliza: "Namba ya simu. Namba ya ndugu wa karibu." Watu wanajaza namba ya mume au mke, wanaoishi naye chumba kimoja na mara nyingi wanatumia naye simu moja. Simu ikiibiwa, wamepotea wote wawili. Mimi nikaanza kuuliza maswali mawili. La kwanza: "Ukizidiwa usiku, nani anakupeleka hospitali?" Hapo anatajwa mtu wa kweli: shemeji mwenye Bajaji, mtoto wa jirani, mzee wa msikitini. La pili: "Ukienda kwenu, unafikia kwa nani?" Hili ndilo lililonirudishia wagonjwa wengi kuliko yote, kwa sababu mtu akizidiwa mjini ndugu humsafirisha kwao akauguzwe. Simu ya Dar inazimwa, na mgonjwa yuko Kilwa au Kondoa, amelala kwa dada yake.

Halafu kila namba naipigia hapo hapo mezani, mgonjwa akiwepo. Ikiita, namwambia aongee yeye: "Nipo kliniki, kuna dada atakuwa anakupigia kunijulia hali." Anayepokea anaisikia ruhusa kwa mdomo wa mwenyewe. Na jina la kunihifadhi kwenye simu analichagua mgonjwa. Mimi ni "Dada Mwana" kwa wengine, "Shoga wa Temeke" kwa wengine, na kwa mama mmoja nimeandikwa "Vitenge", kwa sababu hakutaka wifi zake wajue. Nikipiga kwa mama huyo na akapokea mtu mwingine, naulizia vitenge.

Muda nao una maana. Asubuhi usipige. Piga baada ya Magharibi watu wakiwa wametulia, na Ramadhani subiri hadi watoke tarawehe. Na usimwulize ndugu kama mgonjwa bado yupo. Sema, "Shikamoo mama." Atajibu, "Marahaba, nani mwenzangu?" Jitambulishe kwa jina mlilokubaliana, kisha uliza, "Mzee anaendeleaje?" Unyamaze. Kama ametangulia mbele ya haki, utaambiwa kwa namna mwenye msiba anavyotaka kusema. Pole kwanza. Tarehe ya kifo, hata kama fomu inaisubiri, inaulizwa baadaye, wakati mwingine siku nyingine kabisa.

Mafanikio ninayojivunia zaidi ni ya mama mmoja kijana. Aliandikishwa mtoto wake akiwa na miezi miwili. Moyo wake ulikuwa umetanuka baada ya kujifungua, ugonjwa unaowapata wanawake mwezi wa mwisho wa mimba au ndani ya miezi mitano baada ya uzazi, na ambao nyumbani huitwa uchovu wa uzazi mpaka mama ashindwe kulala chali. Alipata nafuu, akaruhusiwa, akatoweka. Huyu alijaza fomu ya zamani: namba yake na ya mume, zote zimekufa. Walikuwa wamehama chumba. Nilifungua faili lake mara nyingi nikitafuta pa kushika, nikaona jambo dogo: tulikuwa tumeandika tarehe ya kuzaliwa mtoto na zahanati alikoanzia chanjo.

Nikajiambia, mama anaweza kuikosa kliniki yake mwenyewe, ya mtoto haikosi. Chanjo ya surua na rubella mtoto anachomwa akitimiza miezi 9. Nikahesabu kwa kalenda. Daktari na kamati waliporidhia, nikapeleka bahasha iliyofungwa kwa muuguzi wa zahanati ile, ndani mna karatasi yenye maneno machache: nimekukumbuka, nipigie, na namba yangu. Hakuna neno moyo, hakuna jina la utafiti. Jumatano moja saa nne asubuhi simu ikaita, nyuma watoto wanalia kwa sindano. "Dada, ni mimi. Simu iliibiwa."

Alikuwa ameacha dawa zote. Miguu ilipoacha kuvimba akaona amepona, na jirani akamwambia vidonge vile vinakausha maziwa. Alikuja, akapimwa eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Uwezo wa moyo kusukuma damu ulikuwa umepanda vizuri lakini haujarudi sawasawa. Kubwa zaidi, alikuwa anapanga mimba nyingine bila kujua kwamba kwa moyo ambao haujapona mimba inaweza kumrudisha pale pale, hata kumuua. Daktari alikaa naye na mumewe saa nzima. Kwenye ngazi ya mtakwimu, mama huyu angekuwa mtu aliyeondolewa kimya kimya mwezi wa 3.

Wale 31 tuliwapata wengi, polepole, mmoja mmoja. Zaidi ya theluthi ya tuliowapata walikuwa wameshafariki, karibu wote nyumbani, hakuna hospitali iliyowaandika popote. Ngazi yetu ilipochorwa upya ilishuka sana, na nilikasirika kusikia mtu akisema sasa matokeo "yameharibika". Hayakuharibika, ugonjwa huu ndivyo unavyoua. Mwaka 2012 madaktari waliofuatilia wagonjwa 1,006 wa moyo kushindwa katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, walitangaza kwamba asilimia 17.8 walifariki ndani ya siku 180, na wastani wa umri wa wagonjwa ulikuwa miaka 52. Muhimbili nako wagonjwa 427 walifuatiliwa, wastani miaka 55, karibu nusu yao chanzo kikiwa presha. Hawa ni watu wanaolea, wanaofanya kazi, wanaohama kufuata riziki, ndiyo maana ni rahisi kupotea. Neno "mtoro" nimelikataa kabisa kwenye kliniki yangu. Sikumpata hata mmoja aliyetukimbia.

Kuna mzee mmoja, fundi seremala, aliyekuwa mgumu kusaini. Aliniuliza swali ambalo wagonjwa wengi huuliza: "Sista, kwa nini nisiwekewe moyo mwingine tu?" Nilimweleza. Moyo wa mtu kuwekewa mtu mwingine ulianza Cape Town, tarehe 3 Desemba 1967, daktari Christiaan Barnard na mgonjwa Louis Washkansky, aliyeishi siku 18 akafariki kwa nimonia, kwa sababu dawa za kuzuia mwili usiukatae moyo mgeni ziliuacha mwili wake bila kinga. Leo zaidi ya nusu ya wanaowekewa huvuka miaka 10. Lakini mioyo ya kutolewa ni michache hata kwa matajiri, na dawa ni za maisha. Kwake yeye njia ilikuwa vidonge, chumvi kidogo, na mizani kila asubuhi kabla ya chai. Akiongezeka kilo mbili ndani ya siku mbili tatu, asisubiri miguu ivimbe, aje.

Akaniuliza, "Hizo siku 18, mlijuaje ni 18?"

Nikamwambia kwa sababu kulikuwa na mtu anazihesabu.

"Kwa hiyo na mimi unataka kunihesabu."

"Ndiyo, mzee. Nataka kukuhesabu."

Akavuta kalamu, akasaini, akataja namba ya mwanawe wa mwisho, yule wa kumpeleka usiku. Nilimpigia kijana pale pale, baba yake akaongea naye. Mwezi wa kwanza mzee alikuwa salama, wa 3 salama, wa 6 alikuwa amelazwa mara moja na kutoka. Kila nilipopiga alinisomea uzito wake wa wiki nzima kutoka ukutani alikouandika kwa penseli ya useremala.

Mwezi wa 11, siku kumi na kitu kabla ya zamu yake, simu yangu ikaita usiku. Ilikuwa namba ya yule kijana.

"Shikamoo dada. Najua ungepiga mwezi ujao, nikaona nisikusubirishe. Mzee alituacha Alhamisi, alfajiri. Uzito wa Jumatano aliuandika mwenyewe."

Akanisomea, nami nikaandika.