Mizani 8, mapigo 4: nilivyofundisha arudhi (kanuni za ushairi) kwa rap

Ushauri ulionikera kuliko wote katika miaka yangu ya kufundisha Kiswahili huku Eastlands, Nairobi, niliupata kwenye semina: "Vijana wanapenda rap. Wachezee rap, ushairi wataushika." Nikanunua spika River Road, elfu moja na kitu, nikaingia Kidato cha Tatu na wimbo wa kundi la Kalamashaka, kwa kuwa hao walirap kwa Kiswahili na Sheng, lugha ya mtaani, kutoka Dandora tangu miaka ya 1990, na nusu ya darasa langu hupitia Dandora kila jioni. Waliimba, wakaruka, naibu wa mwalimu mkuu akaja kusimama mlangoni. Dakika 40 zikayeyuka. Kesho yake nikauliza kina, zile silabi za mwisho zinazofanana, ni nini. Kimya! Kumchezea mtoto wimbo si kumfundisha.

Lililofaulu lilitoka kwa mvulana wa dawati la nyuma niliyekaribia kumtoa nje kwa kugonga meza. Alikuwa akigonga moja, mbili, tatu, nne, huku akirap chini kwa chini. Nikamwambia aendelee, nami nikaghani ubeti wa tarbia, shairi la mistari minne kila ubeti, juu ya mapigo yake, silabi mbili kila pigo. Mizani 8, yaani silabi nane, za ukwapi (kipande cha kwanza cha mstari) zikaishia pigo la nne. Za utao, kipande cha pili, vivyo hivyo. Nilisisimka mwili mzima. Miaka yote nilikuwa nikiwahesabisha silabi kwa vidole, ubaoni, wakisinzia.

Basi darasa zima likawa ngoma. Kundi moja liliandika: "Matatu imenipita, nauli yangu ni kidogo." Msomaji wao akajikwaa kwenye "kidogo", mkono umefika, mdomo bado. Msichana wa dirishani akapaza sauti, "Toa kidogo, weka haba!" Wakarudia, ikakaa sawasawa. Mimi sikuwa nimesema neno. Hata ule ubishi usiokwisha wa "mtoto" kuwa na mizani 2 au 3 dawati liliumaliza: m-to-to, tatu.

Sheng niliiruhusu kwenye rasimu ya kwanza pekee; ya pili lazima iwe sanifu, maana mtihani hauna huruma. Matusi ya mama nilipiga marufuku siku ya kwanza, na ukifanya malumbano, yaani mashindano ya kujibizana kwa mistari, fanya hivyo mapema, kabla hawajapata moto. Majigambo hayakunichukua hata kipindi kizima. Mtoto aliyezoea kusikia rapa akijitapa kuhusu mtaa wake anamwelewa mara moja shujaa anayejisifu kwa ng'ombe aliowateka.

Kuhusu chimbuko la hip hop, mtaa wa Bronx huko New York na sherehe ya DJ Kool Herc ya Agosti 1973, wanafunzi ndio walionisimulia.

Mwisho wa muhula, swali la ushairi lilipofika, chumba cha mtihani kilijaa mlio mdogo wa vidole juu ya mbao. Msimamizi mwenzangu alitaka kuwanyamazisha. Nilimshika mkono.