Nilivyoomba PhD ya saratani nikiwa dirisha la dawa, Mtwara

Barua ya kunikataa ilikuwa na mistari minne. Ilinikuta Machi 2023, zamu ya jioni, foleni imefika mlangoni. Niliisoma kwa kuiba, chini ya meza, kisha nikaendelea kuhesabu vidonge. Kukataliwa kwenyewe hakukuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba hawakusema nimekosea wapi, na mimi mwenyewe nilikuwa silioni kosa.

Sasa naliona. Lile andiko langu la kwanza la utafiti nikilifungua leo natamani kujifunika kanga usoni. Nilitaja mimea kumi na mmoja ya kusini mwa Tanzania na nikaahidi kuipima yote dhidi ya saratani, bila kusema saratani ipi. Nikaweka hadi yale maua ya rangi ya waridi yanayojiotea kwenye nyua za Shangani, hapa Mtwara mjini. Ni kweli yana dawa: vinblastini na vinkristini zimetoka humo, na wagonjwa wa saratani wanachomwa sindano zake mpaka leo. Lakini zilipatikana kule Kanada na Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Yaani nilijitolea kugundua kitu kilichogunduliwa kabla mama yangu hajazaliwa.

Mimi ni mfamasia. Nilisoma Muhimbili, shahada ya kwanza na uzamili, nikarudi kufanya kazi nyumbani. Nilikuwa natafuta chuo ambacho saratani na sayansi ya dawa zinakaa nyumba moja, kwa sababu sehemu nyingi zimetenganishwa: saratani iko kwa madaktari na watu wa biolojia, dawa ziko kwetu. Vipo vyuo vilivyoziunganisha, King's College London ni mfano, na kwa mtu anayeshika dawa kutwa bila kuona inachofanya ndani ya seli, muungano huo si jambo dogo.

Swali nililokuja kuombea halikutoka kitabuni. Novemba ya mwaka huohuo wa 2023 alikuja dirishani mama mmoja kutoka Nanyamba kuchukua dawa za maumivu. Karatasi zake zilionyesha saratani ya mlango wa kizazi, na rufaa ya kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, tangu Agosti.

"Mama, mionzi ulimaliza?"

"Nilikaa wiki mbili nikarudi, mwanangu. Korosho zinadondoka, nani ataziokota?"

Nilimpa dawa, nikamweleza namna ya kuzitumia, akaenda. Nikabaki na hesabu kichwani. Mionzi ya saratani ile huchukua kama wiki tano, siku tano kila wiki, na juu yake sindano ya sisplatini, dawa ya saratani, mara moja kwa wiki, halafu bado mionzi ya ndani. Kutoka kwetu hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550. Mtu hawezi kwenda asubuhi akarudi jioni. Lazima ahamie huko, alale kwa ndugu kama anaye, aache shamba wakati shamba ndilo linalolipa nauli. Na hiyo ndiyo saratani inayowasumbua wanawake wa Tanzania kuliko nyingine zote. Mwaka 2018 mabinti wa miaka 14 walianza kuchanjwa dhidi ya kirusi kinachoileta. Nashukuru, lakini mama wa Nanyamba chanjo hiyo imemkuta amechelewa.

Desemba nikaenda Newala kwa mama mdogo. Yeye hubangua korosho za kuuza kwa rejareja, anazikaanga kwanza kwenye debe lililotobolewa, mafuta ya maganda yanadondoka na kuwaka moto, moshi wake unakaba koo. Mwaka ule nilimkuta vidole vimebabuka. Alikuwa amebangua mbichi kidogo kwa haraka ya mteja. "Mbichi ndizo kali," akaniambia, akiwa anajipaka majivu. "Ukishazikaanga ukali unapungua. Wewe si msomi wa dawa, hujui hilo?"

Nilikuwa sijui. Usiku ule nikatafuta kwenye simu, pale kwenye mtandao unaopatikana ukisimama karibu na mwembe. Kumbe mafuta ya ganda bichi kwa sehemu kubwa ni asidi ya anakadiki, na ukiipasha moto mkali inapoteza hewa ya kaboni dayoksaidi na kugeuka kitu kingine, kadanoli. Mama mdogo alikuwa ananifundisha kemia huku anajipaka majivu. Nikaendelea kusoma, nikafika kwenye utafiti wa Marekani wa mwaka 2006. Walichukua seli za HeLa, zile zilizotoka kwa Henrietta Lacks mwaka 1951, ambazo asili yake ni saratani hiihii ya mlango wa kizazi, wakazitia asidi ya anakadiki kisha wakazipiga mionzi. Zilishindwa kuvumilia mionzi kama zilivyozoea. Sababu ni kwamba mionzi hukata DNA, na seli ikitaka kujitengeneza inahitaji vimeng'enya vya kuilegeza DNA na kuamsha mafundi wa ukarabati. Asidi hii inavizuia vimeng'enya hivyo.

Nilisimama chini ya ule mwembe mpaka mbu wakanifukuza. Ganda lile tunalolitupa na kulichoma, linalobabua vidole vya mama mdogo, linaweza kuifanya seli ya saratani iwe dhaifu mbele ya mionzi. Katika bakuli la maabara, si kwa binadamu, na hapo ndipo kazi ya mfamasia inapoanzia, kwa sababu asidi hii ina mkia mrefu wa kaboni, haipatani na maji, na inaunguza. Utaifikishaje kwenye uvimbe bila kumuunguza mwenye uvimbe? Hilo likawa swali langu. Moja tu. Ile mimea kumi na mmoja nikaipa talaka.

Kosa la pili la mara ya kwanza lilikuwa kujaza fomu ya chuo kabla ya kuongea na mtu yeyote. Kwa PhD ya utafiti Uingereza, fomu huja mwishoni. Kwanza unamtafuta msimamizi, unasoma alichoandika, unamwandikia. Januari 2024 niliwaandikia wasimamizi tisa. Barua fupi, aya tatu: mimi ni nani, swali langu ni lipi, na ni kazi gani ya kwake iliyonifanya nimwandikie yeye badala ya mwingine. Aya hiyo ya tatu ndiyo iliyonila muda, kila moja siku mbili tatu, maana huwezi kudanganya kuwa umesoma. Saba hawakujibu. Wa nane alisema hana nafasi. Wa tisa, profesa wa chuo kimoja cha London, alijibu kwa maswali matatu bila hata "habari yako": molekuli ipi hasa, seli zipi, na ni matokeo gani yatakayokuonyesha kuwa umekosea?

Swali la tatu lilinilaza macho. Katika masomo yangu yote sikuwahi kuulizwa nitajuaje kwamba nimekosea. Nilichukua siku kumi kumjibu. Niliandika kwamba nikiifunga asidi ile ndani ya vitone vidogo vya mafuta na seli za kawaida zikafa sawasawa na za saratani, basi wazo langu halifai kuwa dawa, hata kama mionzi itafanya kazi vizuri zaidi. Akajibu, "Andika kurasa nne."

Hizo kurasa nne niliziandika mara sita. Ushauri wake mmoja nauthamini mpaka leo: mwaka wa kwanza usitegemee kitu ambacho hakipo mkononi mwako. Mimi nilitaka kuanza na maganda ya Newala na vipande vya uvimbe vya wagonjwa wetu. Akanionyesha kwamba sampuli za wagonjwa zinahitaji idhini ya maadili, kwetu ni ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kutoa maganda nje ya nchi kuna vibali vyake. Miezi inakwisha hujashika hata chupa. Asidi hiyo inauzwa ikiwa imesafishwa, na seli za HeLa ziko kila maabara. Anza na hizo, maganda yaje mwaka wa pili. Kusema kweli nilinuna kidogo, nilihisi kama ameniondolea Mtwara kwenye andiko. Baadaye nikaona alikuwa sahihi.

Mambo ya karatasi nitayapitia haraka. Transkripti, ile karatasi ya matokeo ya chuo, niliomba mapema, hata hivyo ilichukua wiki kadhaa. Wadhamini wa kitaaluma walitakiwa wawili. Mmoja aliandika siku ileile, mwingine, ambaye simtaji, alisema "niandikie nitasaini", nikatafuta mwingine. Barua unayojiandikia inanuka, na wao wanaijua harufu. Mtihani wa Kiingereza niliufanyia Dar mwezi Machi, ada nikailipa kwa fedha za korosho za shamba la marehemu baba, zile za mnada wa mwisho. Cheti chake kinadumu miaka miwili tu, kwa hiyo wale waliokuwa wananiambia, nilipoomba mara ya kwanza, niufanye mapema "niwe nao tu" wangenipotezea fedha.

Usaili ulipangwa Jumatatu, tarehe 13 Mei 2024, saa nne asubuhi ya London, kwetu saa sita mchana. Wiki moja nyuma Kimbunga Hidaya kilikuwa kimekata barabara ya Dar huko Kilwa, mabasi yamekwama, nikajisifu kwamba usaili wangu ni wa mtandaoni, mafuriko hayanihusu. Jumapili tarehe 12 nyaya za intaneti zilizopita chini ya bahari zikakatika. Nchi nzima ikawa inazungusha duara kwenye simu.

Jumatatu saa tatu asubuhi nilikuwa nimeshajaribu laini tatu. Nilikwenda mpaka Mikindani kwa rafiki mwenye ofisi, nako hakuna kitu. Slaidi zangu kumi na mbili nilizozipamba usiku kucha zilikuwa hapo kwenye laptopu, nzuri, hazina pa kwenda. Saa tano na nusu nikakumbuka kwamba barua pepe za profesa huwa na namba ya simu chini. Nikaweka vocha, nikamtumia ujumbe wa kawaida kabisa, ule wa kulipia: intaneti ya nchi imekatika, simu ya kawaida inafanya kazi, namba yangu ni hii. Saa sita na dakika saba simu ikaita.

Walikuwa watatu, wameniweka kwenye spika. Bila slaidi ilibidi niseme kwa mdomo. Nikawaeleza ganda la korosho lilivyo, debe lililotobolewa, moshi, vidole vya mama mdogo. Nikawaeleza kwa nini mbichi inaunguza zaidi ya iliyokaangwa. Mmoja akauliza kwa nini basi nisitumie mafuta ya viwandani yaliyokwisha kupashwa moto, ambayo ni rahisi. Nikajibu kwamba humo asidi imeshageuka kadanoli, ningekuwa napima kitu kingine. Kikawa kimya kidogo, nikadhani na simu nayo imekatika. Kisha akasema, "Endelea." Tulizungumza dakika hamsini. Sidhani kama slaidi zangu zingenisaidia kiasi hicho. Zilikuwa na michoro mingi ya vimeng'enya na hazikuwa na debe hata moja.

Nafasi ilikuja Julai. Nafasi, lakini si fedha, na hapa watu wengi huchanganya. Barua ya kukubaliwa haina ada ndani yake, na ada ya mwanafunzi wa nje katika masomo ya maabara si ya kuuza ng'ombe. Niliomba chuo kinisogezee kuanza kwa mwaka mmoja, wakakubali, nikaomba ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ambao hufungwa Oktoba. Kule nako waliuliza swali ambalo chuo hakikuuliza: utafiti huu utarudije kwenu? Nilichoandika ni mama wa Nanyamba, wiki tano, kilomita 550, na nikaweka wazi kwamba sitarudi na dawa mkononi baada ya miaka mitatu. Rafiki yangu aliyelisoma akaniambia nimejiharibia, ningeahidi dawa. Sikuahidi. Jibu lilikuja katikati ya 2025, na lilikuwa la ndiyo.

Niliondoka Septemba. Mama mdogo alikuja stendi na korosho kilo mbili, zilizobanguliwa, nyeupe, akanisisitiza nisizile zote njiani. Akauliza kwa mara ya kumi, "Kwa hiyo unakwenda Ulaya kusomea ganda?" Nikamwambia ndiyo, mama, ganda. Akacheka mpaka kondakta akageuka.

Huku wanakuandikisha kwanza kwenye shahada ya utafiti iliyo chini ya PhD, ukitetea kazi yako ndipo wanakupandisha, kwa hiyo bado sijamaliza kuomba. Wiki ya pili msimamizi wa maabara alinikabidhi chupa ndogo ya asidi ya anakadiki iliyosafishwa, gramu chache tu. Kwenye lebo wameandika: inawasha ngozi, vaa glavu. Nikaipiga picha nikamtumia mama mdogo, nikamtafsiria. Akanijibu kwa sauti, korosho zinasikika zikipasuka kwenye debe nyuma yake, akauliza hizo glavu zinauzwa shilingi ngapi.