Kaharabu yangu ya 3,500
Juzi napita zangu Mji wa Kale, jua la kutoboa utosi, nikavutwa na kijana mmoja ana meza ya shanga na vijiwe, akanionesha kidani cha manjano kama asali, ndani mna mdudu katandaza mbawa vizuriii utadhani alikuwa anapigwa picha. Ati kaharabu orijino, yaani utomvu wa mti wa kale uliogandia ardhini, kisukuku cha miaka milioni 40, na setifiketi anayo. Tukavutana bei mpaka 3,500, nikajiona mjanja kweli.

Nafika nyumbani bibi akakichukua, akakisugua kwenye leso yake mpaka kikapata joto, akanusa. "Mwanangu, si sandarusi hii?" Akacheka mpaka machozi.

Sandarusi ni utomvu wa msandarusi, mti wetu huuhuu wa pwani, zamani watu wakiichimba ardhini, na karne ya 19 ilikuwa ikipakiwa merikebuni Zanzibar mpaka Salem kule Marekani ikatengenezewe vanishi. Ile changa iliyotoka mtini majuzi wakiiita chakazi na bei yake ilikuwa ya chini, yaani hata wazee walikuwa wanachambua. Kaharabu nayo ilianza kama utomvu, ila imekaa chini mamilioni ya miaka ikakomaa. Kwa hiyo plastiki sikuuziwa, niliuziwa mjukuu kwa bei ya babu.

Mimi nikabisha. Nikakoroga chumvi kwenye glasi mpaka ikagoma kuyeyuka, nikatumbukiza kidani, kikaelea, nikashangilia, kumbe furaha ya bure kwa sababu sandarusi nayo huelea, maji ya chumvi yanakamata feki za kioo na plastiki nyingi tu. Kilichonimaliza ni dawa ya dadangu ya kutolea rangi ya kucha, ile yenye asetoni, tone moja kwa nyuma, nikangoja kidogo, nikagusa, kidole kikanata. Kaharabu ya kweli hainati hivyo. Najua hakuna muuzaji wa kukuachia umwage asetoni mezani kwake, lakini we muombe tu kisha umtazame usoni.

Na yule mdudu pia angenishtua mapema. Mdudu aliyenaswa kwenye utomvu alikuwa anapigania roho yake, mara nyingi utamkuta kajikunja, mguu hauko, vipovu pembeni. Mkubwa, katikati kabisa, mbawa sawasawa? Shuku kwanza.

Halafu mezani kwa yule kijana palikuwa na trilobaiti, visukuku vya viumbe wa baharini wa kale, ati za Moroko, na Moroko kweli zinatoka nyingi sana, na feki zake nyingi vilevile. Nilishika mbili nikazilinganisha: ufa uleule, mahali palepale! Na vitundu vidogovidogo kama uji uliochemka, yaani hewa iliyobaki kwenye rezini, ile plastiki ya majimaji inayoganda, walipomimina kwenye kalibu. Hapo ndo ningeondoka, lakini nishalipa zamani.

Akikwambia kitu kimechimbwa hapahapa Kenya ndo usiguse kabisa, maana kwa sheria ya makumbusho ya 2006 visukuku vinavyogunduliwa nchini ni mali ya serikali, kwa hiyo ama anakudanganya ama anakutafutia kesi.

Sasa bibi anataka tukivunje kidani achanganye na ubani wake Alhamisi. Nimemwambia angoje kidogo, kesho narudi kwa yule kijana, na chupa ya dadangu nnayo mfukoni.