Pima Mbili Zilizobaki

Upepo wa kusi umeingia siku ya nne haujapumzika. Mashua zimefungwa pwani ya mji wa Lamu, kuanzia mtaa wa Langoni hadi Mkomani, zinagongana mbavu usiku kucha. Hakuna aliyethubutu kutoka nje ya mwamba. Sokoni samaki ni wa kutafuta kwa tochi, na jikoni kwangu tumerudi kwa papa mkavu na tui zito. Mwenzangu wa ofisini, mtu wa Limuru, hushangaa akiniona na sweta mwezi huu wa Julai. Kwao baridi ni umande unaouma vidole. Lakini hajalala kwenye nyumba ya mawe ya Lamu wakati wa kipupwe, ukuta ukiwa umenyonya unyevu wa bahari na upepo ukishuka kiwandani, yaani ule uwanja wa ndani ya nyumba, kama maji.

Mimi nakipenda kipupwe. Mwaka mzima mume wangu na mimi hupishana. Yeye ni mvuvi, hutoka usiku na maji, mimi hutoka asubuhi na mkoba. Kuna wiki ambazo tunajuana kwa vitu tu: kikombe chake kwenye sinia, kanga yangu kwenye kamba. Kusi ndiyo hutukalisha pamoja.

Jumamosi nilimkuta kiwandani mapema, kitanda cha marehemu bibi yake kimelazwa ubavu, kamba zote kuukuu amezikata na kuzirundika pembeni. Kitanda hicho tulipewa tulipooana, miaka 4 iliyopita. Ni cha mbao za bambakofi, matendegu yake yamekerezwa na fundi ambaye jina lake hakuna tena anayelikumbuka. Katikati kilikuwa kimebonyea, na tangu Ramadhani mume wangu alikuwa akiamka ameshika kiuno.

"Leo tunakiwamba," akasema.

Mimi ni mzaliwa wa Malindi, na kwetu nimekua na vitanda vya chuma. Majina ya viungo vya kitanda cha kamba nimeyajulia hapa, ukubwani, na bado nikiyataja huyasikia matamu mdomoni. Matendegu ni miguu minne. Mifumbati ni zile mbao mbili ndefu za ubavuni, vitakizo ni zile fupi za kichwani na miguuni. Upande wa kulaza kichwa ni mchago. Chini kote ni mvungu, na mvunguni kwetu kuna sanduku la nguo za harusi na mikungu miwili ya ndizi inayosubiri kuiva.

Kamba alikuwa nayo tayari, ya miyaa, yale majani ya kusukia, mabunda manne kutoka Matondoni. Tuliilowesha kidogo isikatike kwenye kona. Kisha kazi ikaanza, na ni kazi ya watu wawili kwelikweli. Mmoja hupitisha kamba na kuvuta mpaka mishipa ya shingo ione jua, mwingine hushika pale ilipofika ili isirudi. Ukiachia kidogo tu, mizunguko yote ya nyuma hulegea na mnaanza upya. Tuliitandaza kwanza kwa urefu, kutoka mchagoni hadi miguuni. Halafu tukaanza kuipitisha kwa mapana: juu ya mbili, chini ya mbili, juu ya mbili.

Hapo nikamwambia kitu ambacho nilikuwa nacho moyoni tangu asubuhi. Wafumaji wa nguo wa zamani waliita nyuzi za urefu mtande, na zile zinazokatiza mshindio. Na chombo chenyewe cha kufumia waliita kitanda, kitanda cha mfumi. Neno ni hilihili. Chote ni kutanda, kitu kilichotandwa kikakazwa. Akasimama na kamba mkononi, akakitazama kitanda cha bibi yake kana kwamba kimesema.

"Basi tunafuma," akasema.

"Tunafuma."

Si jambo geni katika visiwa hivi. Pate, pale ng'ambo, walifuma nguo za hariri, na Wareno walizitafuta kwa biashara. Leo vitanda vya mfumi vimekwisha. Kilichobaki mikononi mwetu ni ukili.

Ukili ndio kazi yangu. Alinifundisha mavyaa, mwaka wa kwanza wa ndoa, wakati sikuwa na mtu mwingine wa kukaa naye mchana hapa mjini. Miyaa huanikwa, huchanwa kwa ukucha au kwa kisu kidogo hata ikawa chane nyembamba zinazolingana, mingine hutiwa rangi kwenye sufuria inayochemka. Halafu ni vidole tu. Chane huingia, hupinda ukingoni, hurudi. Utepe unaozaliwa, wa upana wa vidole vinne hivi, huviringishwa kadiri unavyorefuka. Ukitosha, kili huunganishwa ubavu kwa ubavu kwa kushonwa, na hapo ndipo mkeka hupatikana. Watu huona mkeka wakidhani umesukwa kama ulivyo. Kwa kweli umesukwa kama njia moja ndefu, kisha njia ikakunjwa ikawa uwanja.

Mkeka huu nilionao sasa ni wa kitanda hicho. Nimeuanza mwezi wa Machi, jioni jioni, na Jumamosi asubuhi nilikuwa na pima 17, kila moja urefu wa mikono iliyonyooshwa. Nahitaji 22. Kwa siku nzima ya kukaa bila kusumbuliwa hupata pima moja na nusu, au mbili vidole vikiwa na heri. Mikeka ya plastiki iko dukani, ya rangi kali, na mtu huinunua akarudi nayo nyumbani kabla chai haijapoa. Siwalaumu wanaoinunua. Lakini usiku wa joto plastiki hushika mgongo, na miyaa hupumua. Tena plastiki haina harufu. Mkeka mpya hunukia kama nyasi baada ya mvua ya kwanza, na harufu hiyo hukaa chumbani miezi.

Mavyaa alipiga hodi adhuhuri, na chungu cha uji wa pilipili manga amekifunika kwa kawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwalala nini leo, sakafuni?"

Akaenda moja kwa moja kwenye kitanda, akabonyeza kamba kwa kiganja. Akatikisa kichwa. "Vuta, mwanangu," akamwambia mtoto wake. "Kitanda hakivutwi kwa huruma." Kisha akauchukua ukili wangu, akaufungua, akaupima kwa mikono yake iliyonyooshwa, kutoka ncha ya vidole hadi ncha ya vidole. Yeye ni mfupi, kwa hiyo kwake ukili wangu ni mrefu kuliko kwangu. Mume wangu, mwenye mikono ya kuvutia nanga, akiupima unapungua. Tulikaa tukiupitisha kutoka mkono hadi mkono, kila mmoja na hesabu yake, na ukili ni uleule.

Mavyaa alipoondoka, mume wangu akauinua ukili ule kwenye mwanga. Mababu zake walikuwa watu wa mitepe, vyombo ambavyo havikupigwa msumari hata mmoja. Mbao zilishonwa kwa kamba ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka. "Huu wako," akasema, "zamani ungekwenda baharini." Sijapata kusifiwa hivyo.

Jumapili tukaendelea. Tulikuwa tumefika theluthi ya mwisho, pale nafasi inapobana na kamba hupita kwa tabu. Mimi nimeishika kwa mikono miwili, mguu mmoja nimeukanyagia kwenye mfumbati. Yeye ameinama, simuoni uso. Hapo ndipo aliposema.

"Nimeitiwa kazi Mombasa. Boti za bandarini."

Sikujibu. Kama ningekuwa nimekaa naye mezani ningeinuka, ningejifanya naenda kutazama chungu. Lakini nilikuwa nimeshika kamba, na kamba haiachiwi.

"Tangu lini?" nikauliza baadaye.

"Tangu kabla ya Idi. Wamenipa mpaka mwisho wa mwezi wa nane."

Akapitisha kamba, akavuta, nikasogeza mikono. Juu ya mbili, chini ya mbili. Akanieleza yote akiwa ameinama vilevile: mshahara unaojulikana kila mwezi, siku za kurudi nyumbani, dizeli ilivyopanda, samaki walivyokimbilia mbali, usiku mmoja wa mwaka jana nje ya Kiwayu ambao hakuwahi kunisimulia. Huo usiku nitauacha kwake. Nami nikamweleza kwamba kila upepo ukibadilika usiku mimi huamka na kusikiliza, na kwamba sijui kama nitalala vizuri zaidi akiwa Mombasa au vibaya zaidi. Miaka 4 ya ndoa, hatukuwa tumewahi kusema maneno mengi hivyo kwa mara moja. Nadhani ni kwa sababu hatukutazamana. Macho yetu yote yalikuwa kwenye kamba.

Tulimaliza karibu na magharibi. Akafunga fundo la mwisho chini ya kitakizo, akaipiga kamba kwa kijiti kutoka mchago hadi miguuni, nayo ikalia kama ngoma iliyotoka motoni. Tukakibeba kitanda hadi ndani, yeye mbele, mimi nyuma, tukikipindisha mlangoni. Vyumba vyetu ni vyembamba, kwa kuwa wajenzi walifuata urefu wa boriti za mikoko, na kila ukihamisha kitu unakumbushwa.

Usiku, baada ya isha, tulikunywa kahawa ya tangawizi, kila mmoja amejifunika shuka lake. Upepo ulikuwa bado. Nilikuwa na taa karibu na goti, nasuka. Kwa siku hizo mbili nilikuwa nimeongeza pima tatu, kwa sababu asubuhi zote mbili niliamka kabla ya adhana. Juu ya kamba mpya tulitandika mkeka ule wa zamani, uliotoboka pembeni, kwa muda.

"Hatutaamua leo," akasema.

"Hatutaamua leo."

"Mkeka ukiisha?"

"Mkeka ukiisha."

Akanyamaza kidogo. Kitanda kililia chini yake alipogeuka, kamba zikitafuta mahali pa kukaa.

"Zimebaki pima ngapi?"

"Mbili."

"Kwa mkono wa nani?"

"Kwa wako," nikamwambia.