Karafuu Amezianika Bibi, kwa Kiingereza

Binti yangu, ambaye yuko kidato cha pili hapa Wete, aliniletea daftari lake akiwa amenuna, kwa sababu sentensi yake ya Kiingereza ilikuwa imepigwa mstari mwekundu bila ya maelezo yoyote. Alikuwa ameandika "The cloves grandmother dried on the mat", akikusudia kusema kwamba karafuu amezianika bibi jamvini. Kila neno lilikuwa sahihi, lakini Mwingereza akiyasoma maneno hayo atabaki akingoja sentensi imalizike, kwani kwake maana yake ni "karafuu alizozianika bibi jamvini", kisha kimya.

Kwetu sisi kitenzi hubeba ushahidi wake chenyewe. Katika "amezianika", a- inamwashiria bibi na -zi- inaziashiria karafuu, kwa hiyo bibi akitangulia au akija mwisho, hakuna atakayedhani kwamba karafuu ndizo zilizomwanika yeye. Kiingereza nacho, kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na viambishi mwishoni mwa nomino vilivyosaidia kumtambua mtenda na mtendwa, lakini vilififia karne baada ya karne, na leo tofauti hiyo imebaki kwenye viwakilishi, kama "he" anayetenda na "him" anayetendwa. Nomino hutambulikana kwa mahali zilipokaa: mtenda, kitenzi, kisha mtendwa. Nilimwandikia "The eel ate the octopus", halafu nikazibadilishana nafasi nomino zile mbili. Mkunga akageuka kitoweo cha pweza, na binti akacheka. (Hapo hata sisi hubanwa, kwa kuwa wote wawili huchukua a-.)

"Sasa nikitaka karafuu zitangulie, baba?"

Basi aitumie kauli ya kutendwa: "The cloves were dried by grandmother". Wapo walimu wanaoikataza kabisa kauli hiyo, nami sikubaliani nao, maana mwanikaji akiwa hajulikani, hakuna haja ya kumtafutia nafasi ya mbele. Lakini bibi yake alishinda juani akizigeuzageuza karafuu zile, na kauli ya kutenda ndiyo inayompa haki yake.

Akaandika "Grandmother dried the cloves on the mat", kisha akauliza kama "on the mat" inaweza kutangulia. Nikamwambia inaweza, kwani jamvi halikutenda wala halikutendwa.