Nauli za Likizo za Uskoti, Zikitazamwa Kutoka Lubumbashi

Kila mwaka, sikukuu za Mwaka Mpya zikishapita, nyumba yetu ya Katuba, hapa Lubumbashi nchini Kongo, huanza kuulizia nauli za ndege kutoka Glasgow. Mdogo wangu wa kiume anaishi huko pamoja na mkewe na watoto wao watatu, na mama yetu, ambaye umri wake haumruhusu tena kuahirisha mambo, anataka wajukuu waje kumwona wakati wa likizo kubwa. Shughuli hiyo imenifanya nifuatilie jambo ambalo wakazi wa Uskoti wenyewe hulilalamikia sana, kwamba familia inayoondokea Glasgow, Edinburgh au Aberdeen kwenda likizo hulipa zaidi ya familia inayokwenda hoteli ile ile, wiki ile ile, lakini ikaondokea Manchester au London. Naamini kwamba malalamiko hayo yana msingi, na kwamba mengi ya yanayowapandishia nauli ndiyo yanayotufanya sisi wa Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, tulipe zaidi ya jirani zetu wa Ndola, Zambia. Anayelipa zaidi si lazima awe anakwenda mbali zaidi. Mara nyingi ni yule ambaye hana njia nyingine.

Mzizi wa tatizo la Uskoti ni kalenda ya shule. Shule za huko hufungwa karibu na mwisho wa Juni na kufunguliwa katikati ya Agosti, ilhali shule za England hufungwa baada ya tarehe 20 Julai na kufunguliwa mwanzoni mwa Septemba. Tarehe za Uskoti hupangwa na halmashauri za maeneo, ambazo ni 32, kwa hiyo hupishana kwa siku chache, lakini kwa jumla watoto wa Glasgow huwa wamekaa nyumbani karibu mwezi mzima kabla wenzao wa Manchester hawajaweka daftari chini. Oktoba pia ni hivyo: Waskoti wana likizo iliyotokana na desturi ya zamani ya kuwaachia watoto nafasi ya kuvuna viazi, nayo kwa kawaida hutangulia ile ya England.

Mtu angedhani kwamba kutangulia huko kungewapa Waskoti nafuu. Mwanzoni mwa Julai fukwe za Hispania hazijajaa, hoteli bado zina vyumba, na mamilioni ya watoto wa England wangali darasani. Hata hivyo mashirika ya ndege hayapangi nauli kwa kutazama ufuko peke yake, bali hutazama pia uwanja wa kuondokea, na yanajua vizuri kwamba katika wiki hizo kila mzazi wa Glasgow anatafuta viti vya siku zile zile. Uskoti ina watu wapatao milioni 5.5, na England ina zaidi ya milioni 56. Ndege za nyongeza na nguvu kubwa ya msimu hupangwa kwa kufuata soko kubwa. Matokeo yake ni kwamba wiki ya kwanza ya Julai huwa ni wiki ya kawaida kwa anayeondokea Manchester, na ni wiki ghali kwa anayeondokea Glasgow.

Hapa inafaa kuwatendea haki hata wauzaji wa tiketi, maana ulinganisho wa aina hiyo unaweza kupotosha. Ukichukua bei ya Glasgow ya tarehe 1 Julai na kuiweka kando ya bei ya Manchester ya siku hiyo hiyo, unalinganisha familia iliyo likizoni na soko ambalo watoto wake wako shuleni. Baba wa Manchester naye atakamuliwa vilevile ifikapo Agosti. Kipimo cha haki zaidi ni zile wiki ambazo watoto wa pande zote mbili wako nyumbani, yaani kuanzia mwisho wa Julai hadi katikati ya Agosti, na anayetaka kuthibitisha kwamba anaonewa aanze na wiki hizo. Lakini hata nikikubali hoja hiyo, sioni kwamba inamfariji mzazi wa Uskoti, kwa sababu hana uwezo wa kuwaambia watoto wake wasubiri hadi Septemba, wakati ambapo wao watakuwa wamekwisha kurudi darasani kwa majuma kadhaa.

Namna tiketi zinavyouzwa inafaa kueleweka, kwa sababu wengi hapa kwetu hudhani kwamba wakala wa tiketi ndiye anayebadilisha bei kwa uchoyo wake. Viti vya ndege moja hugawanywa katika mafungu ya bei, na kila fungu likiisha, mnunuzi anayefuata hupewa la juu yake. Utaratibu huu ulikomaa nchini Marekani baada ya serikali ya huko kuacha kupanga nauli mwaka 1978, na kampuni ya American Airlines, chini ya uongozi wa Robert Crandall, iliuendeleza kwa kompyuta katika miaka ya 1980. Kompyuta hujiuliza jambo moja tu: kiti hiki, nikikikatalia leo, je, atakuja mtu wa kukinunua kwa bei kubwa zaidi kesho? Mtalii asiye na watoto anaweza kuhamisha safari yake hadi Mei, hivyo hubembelezwa. Mzazi wa watoto watatu hawezi, na kompyuta haihitaji kumfahamu ili ijue hivyo, kwani tarehe za shule zimetangazwa hadharani na viti vya miaka iliyopita vimekwisha kuionyesha.

Watu wengi huilaumu kodi. Uingereza hutoza kodi ya abiria wanaoondoka kwa ndege tangu Novemba 1994, na Aprili 2025 kiwango chake kwa daraja la kawaida kiliwekwa kuwa pauni 13 kwa safari za karibu, kama zile za Ulaya, na pauni 90 kwa nchi za mbali kiasi, yetu ikiwamo. Ni mzigo, hasa kwa tiketi iliyouzwa kwa bei ndogo. Lakini kodi hiyo ni ile ile Glasgow na Manchester, kwa hiyo haiwezi kueleza tofauti iliyopo kati ya viwanja hivyo viwili. Tena watoto walio chini ya miaka 16 wanaosafiri daraja la kawaida hawailipi tangu 2016, na abiria wanaoondokea viwanja vya nyanda za juu na visiwa vya Uskoti, Inverness ukiwamo, wamesamehewa. Bunge la Uskoti lilipitisha mwaka 2017 sheria ya kuwa na kodi yake lenyewe, kukiwa na ahadi ya kuipunguza kwa nusu, ila utekelezaji ulikwama katika suala la msamaha huo wa nyanda za juu, na mwaka 2019 serikali ya huko ikaiacha ahadi ya punguzo. Nadhani hata kama ingetimizwa, familia isingeona nafuu kubwa katika wiki za Julai, kwa sababu pale viti vinapogombaniwa, pauni chache zinazoondolewa na serikali ni rahisi kumezwa na nauli.

Linaloshusha nauli ni wingi wa ndege zinazoshindana, na historia ya Uskoti inalionyesha. Safari za kwanza kabisa za easyJet, shirika la ndege za bei nafuu, Novemba 1995, zilikuwa kutoka Luton, karibu na London, kwenda Glasgow na Edinburgh, na tangazo lake lilikuwa pauni 29 kwa safari ya kwenda. Ryanair, shirika jingine la aina hiyo, nayo ilikuwa imeingia Prestwick, uwanja ulio karibu na Glasgow, mwaka uliotangulia. Kwa muda mrefu baada ya hapo wakazi wa ukanda huo walikuwa na mahali pa kuchagua. Kisha nguzo zikaanza kuanguka mojamoja: kampuni ya Globespan ya Edinburgh, iliyokuwa ikiendesha ndege zake yenyewe, ilifilisika Desemba 2009, Ryanair ilitangaza mwaka 2018 kwamba inafunga kituo chake cha Glasgow na kuacha njia nyingi za hapo, na kampuni ya utalii ya Thomas Cook ikafa Septemba 2019. Nafasi hizo zilizibwa kwa sehemu na wengine, lakini msafiri wa Uskoti hana utajiri wa mtu wa London, mwenye Heathrow, Gatwick, Stansted, Luton na vingine, wala wa mtu wa Manchester, mwenye Liverpool na Leeds karibu naye.

Sisi wa Lubumbashi hatuhitaji kuelezwa hayo mara mbili. Luano huhudumiwa na Ethiopian Airlines kupitia Addis Ababa, Kenya Airways kupitia Nairobi, na ndege za Johannesburg, na orodha haiendi mbali sana baada ya hapo. Juu ya nauli kuna Go Pass, ada ambayo kila abiria hulipa uwanjani, iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa dola 50 kwa anayetoka nje ya nchi na dola 10 kwa anayesafiri ndani. Ndiyo maana watu wengi wa hapa hushika barabara ya Kasumbalesa, wakavuka mpaka, wakapita Chililabombwe na Chingola hadi Ndola, ambako Zambia ilifungua uwanja mpya mwaka 2021, na ambako mara nyingi nimekuta tiketi ya kampuni ile ile, kuelekea mji ule ule, ikiwa na bei ya chini. Hilo ndilo linalofanywa na wakazi wa Edinburgh wanaoendesha gari hadi Newcastle, na wa Glasgow wanaoshuka hadi Manchester.

Njia hiyo ya mzunguko, hata hivyo, ina gharama zake, na watu wengi huzihesabu wakiwa wamekwisha kulipa. Mdogo wangu aliniambia kwa sauti ya simu, baada ya mimi kumtumia kwa furaha bei ya Manchester: «Yaya (ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa hapa kwetu), usitazame tiketi peke yake, weka na mafuta, weka na maegesho ya wiki zote hizo, weka na usiku wa hoteli, maana ndege inaondoka alfajiri na watoto hawawezi kulala garini.» Tulipojumlisha, akiba ilibaki, lakini ilikuwa imepungua sana. Kwa upande wetu kuna foleni ya malori ya Kasumbalesa, na kuna siasa: Agosti 2024 Zambia iliufunga mpaka kwa siku chache kutokana na mgogoro wa biashara, na yeyote aliyekuwa na tiketi ya Ndola wakati huo alijua maana ya kuitegemea njia ya jirani.

Jambo ambalo ningemsihi kila mtu alizingatie ni tofauti kati ya tiketi moja inayounganisha safari nzima na tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali. Mtu anaweza kuona kwamba kwenda London kwa ndege ya bei nafuu, kisha kuanza tiketi nyingine ya kuja Addis Ababa na Lubumbashi, kunapunguza gharama. Ni kweli, mpaka ile ndege ya kwanza ichelewe. Hapo kampuni ya pili haina wajibu wa kukusubiri wala kukupa kiti kingine, na familia ya watu watano italazimika kununua upya, kwa bei ya siku hiyo, katikati ya Julai. Mizigo nayo ni suala zito kwa safari za kwetu. Hakuna anayekuja kumwona bibi yake na begi la mgongoni, na ndege za bei nafuu hutoza kila sanduku, wakati tiketi ndefu ya Afrika mara nyingi huwa imekwisha kuyahesabu. Kwa sababu hizo, kwa familia yenye watoto, ningependelea tiketi moja kutoka Glasgow kupitia Amsterdam na Nairobi, hata ikizidi kidogo, kuliko vipande vitatu vilivyoshonwa kwa matumaini.

Kuhusu tarehe, uhuru wetu ni mdogo. Shule za Kongo hufungwa mwanzoni mwa Julai na kufunguliwa mwanzoni mwa Septemba, kwa hiyo binamu wa Lubumbashi na binamu wa Glasgow huwa huru pamoja kuanzia wiki ya kwanza ya Julai hadi karibu katikati ya Agosti, na siku hizo zote zinaangukia palepale ambapo nauli iko juu. Kuna nafasi finyu ya kusogeza: kuondoka Jumanne au Jumatano badala ya Jumamosi, na kurudi mapema Agosti badala ya wikiendi ya mwisho kabla ya shule. Tumejaribu tarehe hizo, na tofauti ilionekana.

Wakati huohuo tumeanza kuzungumzia safari iliyo kinyume. Mama hafungwi na kalenda ya shule yoyote. Anaweza kusafiri Novemba au Februari, wiki ambazo mashirika ya ndege hutafuta watu wa kujaza viti, na tiketi moja ya msimu huo ni ndogo sana ikilinganishwa na tano za Julai. Kodi ya Uingereza haimhusu anapoingia. Ataikuta ndani ya tiketi yake ya kurudi tu. Kikwazo ni kwamba ombi la visa litamtaka kwanza aende Kinshasa, umbali unaozidi kilomita 1,500, na kwa mwanamke wa umri wake safari hiyo haifikiriki kwa barabara. Kwa hiyo ni ndege tena, na nauli ya njia hiyo ya ndani, kwa jinsi washindani walivyo wachache, haina huruma. Nimeanza kukusanya hati zake, na mdogo wangu anaandika barua ya mwaliko. Tukiona kwamba gharama ya Kinshasa na ya visa zikijumlishwa bado ziko chini ya safari ya watu watano, atakwenda Februari, akiwa na koti zito ambalo tutamtafutia.